Thamani ya kaolini ya Kisarawe iko tanurini, si shimoni

KATIKA vilima vya Pugu, pale Dar es Salaam inapokutana na Wilaya ya Kisarawe, yapo mapango ambayo hayakuchongwa na maji wala upepo. Yalichimbwa na binadamu waliokuwa wakiufuata udongo mweupe ndani ya jiwe. Wachimbaji hao walikwishaondoka, na leo wakazi wakuu wa mapango hayo ni popo, ambao wageni hupanda kutoka mjini kwenda kuwatazama.

Udongo huo ni kaolini. Kwa miongo mingi umetajwa katika orodha za utajiri wa nchi yetu, na kila unapotajwa husifiwa kwa wingi wake. Lakini mapango yenyewe yatosha kutukumbusha kwamba kuchimba si sawa na kutajirika. Watu walichimba, wakaondoka, na Kisarawe haikugeuka kuwa mji wa viwanda.

Tangu zilipopitishwa sheria za mwaka 2017 kuhusu umiliki wa maliasili na marekebisho ya Sheria ya Madini, kauli inayosikika katika kila mkutano wa sekta hiyo ni kuongeza thamani ya madini hapa nchini kabla ya kuyauza nje. Kauli hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mara nyingi huzungumzwa kana kwamba kuongeza thamani ni jambo moja tu: kujenga kiwanda, kuwasha moto, kisha kuuza. Kwa dhahabu fikra hiyo inaweza kupita, kwa sababu dhahabu ni dhahabu ikiwa mwambani na ni dhahabu ikiwa kidoleni. Kaolini si hivyo. Moto unaweza kuufanya udongo wa Pugu kuwa kiungo cha saruji chenye nguvu, na moto huo huo ukizidi unaweza kuufanya usifae kabisa kwa kazi hiyo. Anayetaka kuelewa kinachoweza kuletwa na udongo huu kwa wakazi wa Kisarawe na Kibaha hana budi aelewe kwanza kinachotokea ndani yake unapochomwa.

Jiwe la mchanga la Pugu lina chembe nyingi za kwatzi, na katikati ya chembe hizo umo udongo laini mweupe. Jiwe likisagwa na kuoshwa, mchanga huzama upesi na udongo hubaki ukielea majini, ndipo hukusanywa na kukaushwa. Sehemu kuu ya udongo huo ni madini yaitwayo kaolinaiti, yaliyoundwa kwa silika, alumina na maji. Yakiwa safi kabisa, karibu asilimia 14 ya uzito wake ni maji.

Maji hayo si unyevunyevu. Unyevu wa kawaida huondoka juani, na ule unaosalia huisha joto linapopita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi. Udongo ulioanikwa wiki nzima hata ukapasuka bado unayo ile asilimia 14, kwa kuwa maji hayo yamefungwa ndani ya umbile la madini yenyewe. Kaolinaiti ni fuwele, maana yake ni kwamba chembe zake ndogo kabisa zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kurasa za kitabu. Maji yaliyofungwa humo ni sehemu ya kinachoshikilia mpangilio huo.

Joto linapofika kati ya nyuzi 450 na 600, kifungo hicho hukatika. Maji hutoka kama mvuke, na mpangilio wa fuwele huvunjika. Kwa macho udongo unaonekana ni uleule, na hata vipande vyake vidogo vikitazamwa kwa hadubini bado vina umbo la kurasa. Lakini ndani utaratibu umepotea, mithili ya kitabu kilichobaki na jalada lake huku herufi zikiwa zimevurugika. Wataalamu huuita udongo uliofikia hali hiyo metakaolini. Hauna tena fuwele.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalitarajii. Tumezoea kuamini kwamba kitu kilichopangika ndicho chenye thamani na kilichovurugika ni takataka. Katika udongo huu mambo ni kinyume. Kaolinaiti mbichi, yenye fuwele zilizotulia, ikichanganywa na saruji haifanyi kazi yoyote ya maana. Hunywa maji tu na kuudhoofisha mchanganyiko. Metakaolini ina chembe ambazo zimekosa mahali pa kutulia, na kwa hiyo huwa tayari kuungana na kingine. Ikikutana na chokaa na maji hujenga gundi ngumu ya jamii ileile inayoshikilia zege. Gundi hiyo nayo, kwa sehemu kubwa, ina maji ndani yake na haina mpangilio wa fuwele ulio wazi. Nyumba zetu za zege zimeshikwa na kitu kilichovurugika.

Lakini moto ukiendelea kuongezwa, udongo huanza kujipanga upya. Joto likikaribia nyuzi 1,000, chembe zilizokuwa zikihangaika hupata mpangilio mwingine, na kadiri joto linavyopanda huzaliwa fuwele mpya ziitwazo mulaiti. Mulaiti ni madini mazuri sana kwa kazi nyingine: ndiyo huipa kauri nguvu yake na ndiyo huyawezesha matofali ya matanuri kustahimili joto kali. Kwa saruji, hata hivyo, udongo uliofika huko umekufa. Haushiki chokaa tena.

Kwa hiyo safari ya kaolini motoni ina vituo vitatu: fuwele zenye maji, hali isiyo na fuwele, kisha fuwele mpya zisizo na maji. Kituo cha katikati, ambacho saruji inakihitaji, ni chembamba; kwa kawaida wachomaji hulenga kati ya nyuzi 600 na 850. Chini ya hapo udongo haujaiva. Juu ya hapo, hasa ukikawia motoni, umepitiliza.

Ugumu unaowahusu watunga sera na wanunuzi unaanzia hapa. Kama udongo haukuiva, mizani ya kawaida yaweza kuufichua: kilo 100 za kaolini safi iliyokaushwa zikitoka tanurini zinapaswa kuwa kilo 86 hivi, na zikiwa 92 kuna kazi haijakwisha. Lakini udongo uliopitiliza mizani haiwezi kuufichua, kwa kuwa maji hutoka mara moja tu. Uliochomwa kwa nyuzi 750 na uliochomwa kwa nyuzi 1,100 hupima kilo 86 zilezile, nao huweza kuwa na weupe uleule. Mmoja ni kiungo cha saruji na mwingine ni vumbi la kujazia gunia. Kuwatofautisha kunahitaji maabara yenye mashine ya miale ya X inayoonyesha kama kuna fuwele, au walau kipimo cha kuona ni kiasi gani cha chokaa kinachomezwa na unga huo.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo ni zito. Jengo lililoporomoka katikati ya jiji Machi 2013 na lile la Kariakoo lililoporomoka Novemba 2024 yaliua watu. Hatusemi kwamba saruji ndiyo iliyosababisha maafa hayo. Tunasema kwamba katika mji ambao ghorofa huota kila mwezi, kiungo cha ujenzi ambacho ubora wake hauonekani kwa jicho wala kwa mizani hakiwezi kuachwa kwa uaminifu wa muuzaji peke yake.

Pamoja na tahadhari hiyo, zipo sababu nzuri za kuitaka metakaolini ya Pugu. Ya kwanza ni bei ya nyumba. Novemba 2020 bei ya saruji ilipanda ghafla nchini kote, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalazimika kuingilia kati na kuagiza ifuatiliwe. Kila aliyekuwa akijenga siku hizo alikumbuka jinsi maisha ya mjini yanavyotegemea gunia la kilo 50. Sehemu ya gharama kubwa ndani ya gunia hilo ni klinka, yaani vinundu vinavyotokana na chokaa na udongo kuchomwa pamoja kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Kila kilo ya klinka inayoweza kupokewa nafasi na udongo uliochomwa kwa nusu ya joto hilo ni kilo iliyotumia nishati kidogo zaidi.

Sababu ya pili ni hewa. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hutoa kilo 44 za hewa ya ukaa, hata kabla ya kuhesabu moshi wa nishati iliyotumika. Kilo 100 za kaolini safi hutoa kilo 14 za mvuke wa maji. Ulinganisho huo unaeleza kwa nini sekta ya saruji, inayokadiriwa kutoa asilimia saba hadi nane ya hewa ya ukaa inayozalishwa na binadamu duniani, imeanza kuutazama udongo kwa macho mapya. Watafiti wa Uswisi, wakiongozwa na Profesa Karen Scrivener wa Lausanne, wakishirikiana na wenzao wa Cuba na India, wameonyesha kwamba saruji yaweza kutengenezwa kwa nusu ya klinka tu. Nusu nyingine huwa asilimia 30 ya udongo uliochomwa, asilimia 15 ya mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na asilimia tano ya jasi. Katika Afrika Magharibi, Ivory Coast na Ghana tayari zimejenga mitambo ya kuchoma udongo kwa ajili ya saruji.

Tanzania si mgeni wa fikra hii. Nyanda za juu za Mbeya na maeneo ya Kilimanjaro yana majivu ya volkano yanayotumika katika saruji, nayo hufanya kazi kwa sababu ileile: yalipoa upesi mno baada ya mlipuko, na sehemu yake kubwa haikupata muda wa kujipanga kuwa fuwele. Pwani haina volkano. Kiwanda cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kilijengwa juu ya mawe ya chokaa, na umbali wa saa chache kwa lori upo udongo wa Pugu. Kile ambacho volkano iliwafanyia watu wa Mbeya bure, watu wa Kisarawe wangeweza kukifanya kwa tanuri.

Je, si ufujaji kuutia udongo mweupe wa thamani ndani ya saruji? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linategemea daraja la udongo. Kaolini iliyooshwa hadi ikawa safi inastahili karatasi, rangi na kauri, ambako hulipwa vizuri zaidi. Saruji haihitaji usafi huo. Udongo wenye kaolinaiti asilimia 40 tu waweza kutosha, ikiwa na maana kwamba tabaka duni, ambazo mtengenezaji wa vikombe angezikataa, ndizo zingefaa tanuri la saruji. Kiwanda kimoja kikiachiwa tope safi na kingine kikapewa lililobaki, mlima uleule ungelisha soko mbili.

Kuhusu kauri, nchi haianzi mwanzo. Mwaka 2003 na 2004 mkemia wetu Leonard Akwilapo, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, akishirikiana na Kjell Wiik wa Norway, alichapisha katika jarida la Chama cha Kemia cha Ethiopia uchunguzi wa tabia za kaolini ya Pugu inapochomwa kuwa kauri, pamoja na uhusiano wa uimara wake na aina ya fuwele zinazozaliwa humo. Tangu wakati huo viwanda vikubwa vya vigae vimejengwa Mkuranga na Chalinze, katika mkoa huohuo wa Pwani. Elimu ilitangulia viwanda kwa zaidi ya miaka kumi. Ni aghalabu kwa mambo kwenda kwa mpangilio huo hapa kwetu, na itakuwa aibu elimu hiyo ikiachwa ilale maktaba.

Nafasi ya Kibaha katika hesabu hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Makao makuu ya Mkoa wa Pwani yamekua kutoka kituo cha mabasi cha Barabara ya Morogoro hadi kuwa eneo la viwanda. Julai 31, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala iliyoko wilayani humo, na huduma za mizigo za reli ya kisasa. Reli hiyo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina stesheni Pugu, Soga na Ruvu. Yaani njia ya chuma sasa inaunganisha vilima vyenye udongo na ardhi iliyotengwa kwa viwanda.

Kibaha ina jambo jingine, nalo ni shule. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, na hadi leo sekondari yake hupokea vijana wenye vipaji vya sayansi kutoka kila pembe ya nchi. Ni mji huohuo uliopokea utaalamu wa Cuba katika kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi wa mbu. Kama Wacuba waliweza kutufundisha kupambana na mbu wa malaria, hakuna sababu ya kutowauliza pia kuhusu udongo, eneo ambalo wametangulia. Na kijana wa kidato cha sita anayesoma kemia hapo Kibaha hapaswi kujifunza fuwele kwa mifano ya Ulaya ilhali mfano ulio bora zaidi uko wilaya jirani.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayoweza kuharibu yote. La kwanza ni nishati. Tanuri la nyuzi 700 laweza kuwashwa kwa kuni na mkaa, na historia ya misitu ya Kisarawe inatuonya mapema kwamba kinachoweza kuchomwa karibu na Dar es Salaam huchomwa. Moto wa kuni pia haushikiki: mahali pamoja ni nyuzi 500, hatua tatu mbele ni 1,000, na udongo hutoka nusu mbichi, nusu mfu. Gesi asilia ndiyo inayofaa kwa pande zote mbili. Gesi ya Songo Songo imefika Dar es Salaam tangu mwaka 2004, bomba la kutoka Mtwara lilizinduliwa mwaka 2015, na mitambo ya umeme ya Kinyerezi haiko mbali na Pugu. Kibali cha tanuri lolote la kaolini kingepaswa kutaja nishati yake kwa jina.

La pili ni mlima wenyewe. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, na katika vilima hivyo ndimo unamoanzia Mto Msimbazi. Mto huo ndio unaofurika Jangwani na kufunga barabara kila masika inapozidi. Anayefungua shimo jipya Kisarawe bila kudhibiti tope na bila kurudisha miti anawapelekea mafuriko watu wa bondeni, ambao hawatapata hata senti ya kaolini hiyo.

Kwa hiyo hatua za busara zinafuatana kwa mpangilio. Kwanza, madaraja ya udongo wa Pugu yapimwe na kutangazwa, ili ijulikane tabaka lipi ni la kauri na lipi ni la saruji. Pili, maabara ya kupima fuwele iwekwe karibu na viwanda, Kibaha ikiwa mahali panapofaa, na Shirika la Viwango liisimamie kwa kipimo kinachoonyesha kama udongo uliochomwa u hai au umekufa. Tatu, ndipo leseni za matanuri zifuate, zikiwa na masharti ya gesi na ya msitu. Kuanza na la tatu, kama tulivyozoea, ni kuchoma mlima ili kupata vumbi.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walikuwa wakimwambia mfinyanzi asikawie, kwa kuwa udongo ukishakauka haukunjiki tena. Kisarawe na Kibaha zimo katika wakati huo hivi sasa: reli imefika, viwanda vinakuja, na hakuna tanuri kubwa la saruji ya udongo lililokwishajengwa vibaya likatufunga mikono. Maamuzi yatakayofanywa kabla ya moto kuwashwa ndiyo yatakayoamua kama popo wa Pugu wataongezewa mapango mengine matupu, au kama watu wa Kisarawe safari hii watapata kazi, ujuzi na saruji ya bei nafuu kutokana na mlima wao.